Mimi Ndani ya Tangazo la Dagaa

Vesti mwanangu,

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji na ya kutomwachia mtu begi lako stesheni, mama yako ameshakuambia, na kesho atayarudia mpaka treni ianze kutembea. Huko siingii. Nataka tuzungumze kuhusu tangazo lako, maana Jumapili sikulizungumza kama lilivyostahili, na kesho kutakuwa na mizigo na watu.

Jumapili uliweka karatasi mezani ukaniambia, "Baba, soma halafu uniambie ukweli." Nikasoma. Uliandika kwamba dagaa wetu huanikwa juu ya vichanja vya nyavu, hawagusi mchanga. Kwamba Mtanzania aliye Uingereza au Marekani anaweza kukuandikia kwa kompyuta, akatuma pesa, na wewe ukampelekea mama yake kifurushi mpaka mlangoni, awe Temeke au Kinondoni. Hadi hapo nilikuwa naona fahari. Wazo hilo ni lako mwenyewe, na sijasikia mwingine hapa Mwanza aliye nalo. Kisha nikafika aya ya pili, nikajikuta mimi.

"Baba yangu alikimbia kutoka Rwanda bila kitu mkononi. Dada yake hakupona. Leo anaanika dagaa kando ya Ziwa Victoria, na kila kifurushi unachonunua kinampa sababu ya kuamka asubuhi."

Nilikuuliza, "Vesti, mimi nilikimbia lini?"

"Zamani."

"Hapa hapajaandikwa zamani."

"Hapajaandikwa juzi pia, Baba."

"Na msomaji atafikiri nini?"

"Atafikiri anachotaka mwenyewe. Mimi sijaandika uongo. Nionyeshe neno moja la uongo."

Sikuweza kukuonyesha. Nilikimbia, kweli, ingawa wakati huo mama yako alikuwa bado mtoto Ukerewe na wewe hukuwa hata wazo. Dada yangu hakupona, kweli, ila alikufa miaka thelathini na zaidi baada ya mimi kuondoka. Labda ningebisha hapo kwenye kuamka asubuhi, maana kinachoniamsha ni jogoo wa jirani yetu hapa Mabatini, na nikipata nafasi nitamla. Nikasema tu, "Kiswahili chake kizuri," nikakurudishia. Ulisubiri niendelee. Tangu hapo tunapishana ukumbini kama wapangaji wawili.

Naelewa ulivyofika hapo. Najua kwamba tangazo la kwanza, lile la dagaa peke yao, ulilituma kwa Watanzania wale walio nje, na jibu ulilopata lilitoka kwa bwana mmoja aliyetaka kujua kama wewe ni ukoo wa fulani wa Magu. Ukajaribu la pili kwa watu wachache, likiwa na mimi ndani, na majibu yakaja mpaka mwenye ofisi yenu ya kompyuta akakuambia uache kuyachapisha, unamaliza wino. Chumba cha Dar es Salaam unakokwenda kimelipiwa kwa akiba ya mama yako. Oda zisipokuja mapema, utarudi na magunia yako, na yeye ataanza upya kuweka shilingi kwenye kopo katika umri alio nao. Hilo ndilo lililo mezani. Siandiki kama mtu aliyelisahau.

Wala sijasahau ulivyonisomea, siku chache kabla ya Jumapili, lile jibu la yule mama Mwingereza, aliyepewa tangazo lako na mtu wa kanisani kwake. Alitaka kulipia vifurushi kumi. Ulifurahi. Ukaendelea kusoma, na mwishoni alisema samaki wenyewe tubaki nao, yeye hawahitaji, ila azitume pesa wapi.

Nikakuuliza, "Sasa hapo tumeuza nini?"

Ukacheka, ukasema, "Baba, biashara ni biashara."

Sikukujibu, na sababu ya kutokujibu ni kigoda. Sijawahi kukusimulia habari za kigoda.

Nilipovuka kuja upande huu, kabla sijapata kazi yoyote, nilijaribu kuchonga vigoda. Sikuwa fundi. Baba yangu alikuwa na kaka aliyechonga, nami nikadhani kwa kuwa nilimtazama sana utotoni, mikono itakumbuka. Nilivibeba kijiji kwa kijiji huko Ngara, na vilinunuliwa. Mke wa balozi mmoja wa nyumba kumi alinunua cha kwanza hata kabla sijakitua chini. "Pole mwanangu," aliniambia. "Hata kama sina pa kukiweka." Nilidhani nimepata ufundi. Nikachonga vingine, vikaenda, kila mtu akisema pole. Siku moja nikapita tena kwa yule mama kuomba maji. Nilikiona kigoda changu nyuma ya nyumba, kuku kakilalia. Nilipokijaribu, kilikuwa hakikaliki. Mguu mmoja mfupi. Vyote nilivyouza vilikuwa na mguu mmoja mfupi, kwa sababu nilivipima kwa kijiti kilekile kilichokatwa vibaya, na hakuna aliyeniambia. Nani amwambie mkimbizi kwamba kigoda chake kinayumba?

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko linavyostahili. Mteja wa huruma hakukosoi, wala harudi. Ananunua ili aondoke na moyo mwepesi, na akishaondoka nao ameshapata alichokuja kutafuta. Wewe unabaki na kijiti chako kibovu.

Baadaye, kama unavyojua, nilipata ukarani kwenye ushirika wa pamba, na miaka mingi sikuuza kitu. Nataka ujue pia jinsi kuuza kulivyokuwa kugeni kwetu sote, maana ninyi mmekua katika enzi hii ya ruksa na mnadhani matangazo yalikuwepo siku zote. Zamani zile mwenye duka alikaa kwenye kiti, na mteja ndiye aliyebembeleza. Sabuni ikija, habari ilipita yenyewe. Hakuna aliyehitaji kusema inatoa povu. Nilijifunza kushawishi, ndiyo, lakini nilimshawishi muuzaji aniuzie. Kisha milango ikafunguliwa, bidhaa zikajaa mpaka barabarani, sisi makarani tukapunguzwa, na nikaenda soko la samaki la Mwaloni kumsaidia mama yako kuuza dagaa nikiwa mtu mzima ambaye hajawahi kumwambia mtu yeyote, "Karibu, nunua kwangu."

Yeye alikuwa anajua. Sijui alijifunzia wapi. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ukija likizo unamkuta yupo tu kwenye biashara yake, kwa hiyo huenda hukuwahi kumtazama kama nilivyomtazama mimi siku zile, nimekaa juu ya gunia sina kazi. Mama Pili, yule aliyekuwa akipeleka dagaa Shinyanga, alikuwa akija anasimama mbali.

"Mama Vesti, mchanga upo?"

"Tafuna."

"Nikivunjika jino?"

"Jino lako lilivunjika kabla hujanijua, usinisingizie mimi."

Mama Pili anachota, anatafuna, macho juu kama mtu anayesikiliza redio. Meno yasipokwaruza, anachota tena kutoka chini ya gunia, maana wote pale wanajua kwamba wazuri huwekwa juu. Na kabla hajafika chini mama yako anamwambia, "Hao unaowashika walipata manyunyu. Hawajaoza, ila hawatakaa muda mrefu. Kama unauza wiki hii chukua, kama unaweka niachie." Mimi nilikuwa naungua moyo. Nilimwambia jioni, "Kwa nini unamwambia kabla hajaona?" Akanitazama kama mtoto. "Ataona," akasema. "Bora aonyeshwe na mimi."

Najua kwenye kompyuta hakuna meno. Ndiyo shida yako kubwa, na nakiri sina jawabu lake. Mtu aliye ng'ambo hawezi kutafuna. Lakini nimejiuliza, kama mama yako angejua kutumia ile mashine, angeandika nini? Nadhani angeanza na manyunyu. Angesema masika tunachelewa kutuma kwa sababu dagaa hawakauki. Angesema wakati wa mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani na taa zao za karabai, kwa hiyo msituandikie mkitaka haraka. Na yule anayetafuna yupo, umemsahau: ni yule mama wa Temeke anayepelekewa kifurushi. Yeye ana meno, na mwanawe atamsikiliza kuliko atakavyokusikiliza wewe. Lakini hayo utayajua mwenyewe kuliko mimi. Ninachokifahamu vizuri ni kosa langu mwenyewe pale Mwaloni, nalo lilikuwa la namna nyingine.

Unaikumbuka ile miezi ambayo watu wa hapa waliacha kula samaki. Mto Kagera ulikuwa umeleta maiti za watu wa kwetu ziwani. Ilikuwa mbali na Mwanza, upande wa Uganda, lakini ziwa ni moja, na habari zilitembea Mwaloni upesi kuliko redio. Watu wakaacha sangara, wakaacha sato, wakaacha dagaa. Magunia yetu yakapandana mpaka yakaziba mlango.

Mimi nikaenda maktaba. Nilikopa kitabu cha samaki wa ziwa, nikasoma usiku kucha, na asubuhi nikasimama mbele ya magunia nikaanza kueleza. Kwamba dagaa hula vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwamba hukaa maji ya wazi, mbali na midomo ya mito. Kwamba hawa tuliokuwa nao walivuliwa upande wetu, huku Ukerewe. Yote yalikuwa kweli. Nilikuwa na sauti nzuri siku ile, sauti ya darasani, kama nilipokuwa mwalimu huko kwetu, na watu wakakusanyika. Mama Pili alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimekuelewa vizuri kabisa. Sasa jioni uje nyumbani umweleze na mume wangu, na watoto, na mama mkwe, halafu nitanunua."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Na kitabu uje nacho, Mwalimu, mama mkwe wake mbishi!"

Na mimi nikacheka. Nikafungua ukurasa mwingine ili niendelee. Ndipo mama yako akaja, akaninong'oneza, "Funga."

"Nifunge nini?"

"Funga magunia, Baba Vesti. Twende nyumbani."

Tukavuka barabara ya uwanja wa mpira. Akaniuliza, "Unafikiri wanaogopa dagaa?"

"Wanaogopa. Hawana elimu ya jambo lenyewe."

"Hawaogopi. Wana msiba. Umeona wapi mtu anapiga kelele za biashara kwenye matanga?"

Nikamwambia, "Msiba huo si wao."

Alisimama pale pale, na ndoo yake kichwani. "Si wao? Basi ni wa nani? Ni wa kwako? Mbona hujakaa chini?"

Vesti, sikuwa nimekaa chini. Habari za kwetu zilikuwa zimeanza kusikika tangu mvua za masika, na sikuwa nimekaa hata siku moja. Niliamka, nikaenda Mwaloni, nikahesabu magunia, nikaenda maktaba, nikakopa kitabu. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikiwashawishi wanunue samaki wa ziwa ambalo huenda dada yangu alikuwa ndani yake, na nilikuwa na hoja, na hoja zangu zilikuwa sahihi.

Jioni ile mama yako alitandika mikeka uani. Hakuniuliza. Aliwaambia majirani kwamba Mwalimu amefiwa na dada yake huko kwao. Nikamwambia hatuna hakika bado. Akasema hakika itakuja yenyewe, wewe kaa. Wakaja. Watu wa Mabatini ambao hawakujua hata jina la shangazi yako walikuja na kuni na unga, wakalala uani. Mama Pili alikuja na sufuria yake. Hakuna aliyetaja dagaa. Nilikaa chini siku zote zinazotakiwa, na mama yako hakufungua biashara mpaka watu wenyewe walipoanza kuuliza kama kuna kitu. Walipoanza tena kula samaki, walianzia kwake.

Nakuomba usiifanye habari hiyo kuwa mbinu. Haikuwa mbinu. Kama mama yako angekaa matanga ili auze baadaye, wangemjua siku ya kwanza. Nakuambia ili ujue kwamba nimewahi kuwa na maneno ya kweli matupu, yamepangwa vizuri, na nikawa nimepotoka kabisa, kwa sababu sikuwa nimetazama watu niliokuwa nasema nao wana nini. Wala sikuwa nimejitazama.

Ulipokuja likizo, mikeka ilikuwa imekunjwa. Hukuambiwa. Niliona una mitihani. Mwaka uliofuata kulikuwa na sababu nyingine, na baadaye ikawa mazoea. Vijineno viwili vitatu uliviokota kwa mama yako jikoni, na hivyo ndivyo nilivyovikuta kwenye tangazo: alikimbia, hakupona. Mama yako alipoona nimenuna Jumapili aliniambia, "Usimlaumu mtoto. Umempa makombo, ameyapika alivyoweza." Amesema kweli. Kwa hiyo acha nikupe na kilichobaki, halafu utajua la kufanya.

Shangazi yako aliitwa Imakulata. Alikuwa mkubwa wangu. Nyumba za jirani zilipoanza kuchomwa, mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye kichwa kigumu; nilisema sitaacha darasa langu. Baba alisema, mapadri walisema, sikusikia. Imakulata hakubishana na mimi. Alifunga nguo zangu kwenye shuka, akafunga furushi jingine, kubwa kidogo, akayaweka yote mlangoni. Akasema, "Mama bado hana nguvu za kutembea. Tangulia na nguo zangu, Ijumaa tutakukuta upande wa pili. Sina nyingine, usinipotezee." Kwa maneno nisingeondoka. Lakini kumbebea dada yangu mzigo, ningewezaje kukataa? Niliondoka usiku ule na mafurushi yote mawili.

Nilisubiri Ijumaa ile, nikasubiri na nyingine. Baridi ilipozidi nikasema nitamwazima shuka lake mpaka aje. Nikalifungua furushi. Ndani mlikuwa na majani makavu ya migomba, yamekunjwa vizuri ili yasisikike yakibebwa.

Nimeishi na watu wa maneno, nimesoma vitabu vya watu wenye ulimi, na sijaona aliyemshawishi mwenzake kwa ustadi ule. Ulikuwa uongo mtupu, na bila huo wewe hungezaliwa. Kwa hiyo mimi siwezi kuwa baba wa kukukalisha chini nikuambie usimdanganye mtu kamwe. Ningeanzia wapi? Nimetafuta miaka hii yote nini kinautofautisha uongo ule na mwingine, na nilichokipata ni kidogo: gharama yake aliibeba mwenyewe. Mimi nilipata njia, yeye akabaki na mama mgonjwa na kila kilichofuata. Katika tangazo lako sioni vizuri nani anabeba. Yule mama wa Uingereza, kidogo. Mimi, kidogo, nami ningeweza. Mgongo wangu umezoea. Imakulata hawezi kuulizwa.

Unakumbuka uliponipeleka ofisini kwenu Nyamagana, ukanikalisha mbele ya kompyuta ukasema, "Andika chochote unachotaka kujua, Baba, itakutafutia." Niliandika jina la wilaya yetu. Ilichukua muda, ukawa unanieleza habari za waya wa simu. Kisha ikaleta orodha ndefu, na kila kilichokuwemo kilihusu mwaka mmoja, ule wa maiti za Kagera. Nilikuambia macho yananiuma, tukaondoka. Sikuwa na ugomvi na mashine, ilisema inachokijua. Ila mimi najua pia harufu ya mtama ukilowekwa pale, na njia ya mkato kutoka shuleni hadi mtoni, na jinsi Imakulata alivyokuwa akicheka mpaka anakaa chini barabarani, wapita njia wakidhani anaumwa. Nilipoiona aya yako ya pili Jumapili, nilihisi nimeingizwa kwenye orodha ile ile, safari hii na mwanangu.

Hata hivyo habari hii si yangu peke yangu, na hili ndilo lililonichelewesha kusema. Wewe pia umekua na jina ambalo walimu waliuliza limetoka wapi. Umelaumiwa kwa mambo ya nchi ambayo hujaiona. Kama mtoto wa mkimbizi ana kitu cha kurithi, ni habari hiyo, na sina haki ya kukuambia usiitumie kupata mkate wako. Mama yako anasema uamuzi ni wako kwa kuwa biashara ni yako. Nakubaliana naye. Ukiituma kama ilivyo, nitaendelea kuanika dagaa na kukuletea magunia stesheni, na sitaligusa tena jambo hili kwa barua wala kwa uso. Nakuahidi, na unajua naweza kunyamaza.

Naomba jambo moja tu kabla ya safari. Kesho asubuhi, kabla mama yako hajaanza kufunga mizigo, njoo na karatasi hiyo jikoni unisomee. Yote, tangu dagaa mpaka sehemu ya shangazi yako, mpaka ile sababu yangu ya kuamka. Uisome polepole kama unamsomea mteja, ukinitazama. Sitakukatiza. Ukimaliza sitakuuliza kama utaituma au hutaituma, maana utakuwa umeshajua, na mimi nitakuwa nimejua kwa sauti yako.

Soma kwa nguvu kidogo. Masikio yangu si kama zamani.

Baba yako